Grafini ilifaulu kwenye chombo cha kioo, ikashindwa ndani ya seli ya fueli

Swali la msomaji:

"Ninasomea shahada ya uzamili katika uhandisi wa kemikali, na mradi wangu unahusu seli ya fueli ya hidrojeni yenye utando wa plastiki. Nimesoma kwamba grafini hupitisha umeme kuliko shaba, ni imara kuliko chuma, na eneo la uso wake halina mfano, kwa hiyo niliamua kuitumia badala ya platini upande wa kathodi, yaani upande inakoingia oksijeni. Nilinunua unga ulioandikwa 'grafini, usafi asilimia 99', nikauchanganya na kemikali yenye nitrojeni na kuupasha moto. Katika chombo cha kioo chenye myeyusho wa alkali matokeo yalikuwa mazuri, karibu sawa na ya platini. Nilipoupaka kwenye seli yenyewe, volteji ilianguka mara tu nilipoanza kuvuta mkondo, na baada ya saa chache seli ilikuwa kama imekufa. Nilipouchanganya na platini kidogo hali ilikuwa nafuu, lakini haikuishinda platini iliyowekwa juu ya masizi ya kawaida. Nimekosea wapi? Je, nitengeneze oksidi ya grafini mwenyewe kwa njia ya asidi? Na je, ni kweli kwamba grafini inaweza kuwa utando wenyewe?"

Jibu la mtaalamu:

Nakuelewa kuwa unahofia mambo mawili: kwamba mikono yako maabarani ndiyo iliyoharibu kazi, na kwamba huenda muda uliotumia umepotea na inakubidi uanze upya kwa njia ngumu zaidi na ya hatari zaidi. Kwa maelezo uliyoyatoa, sioni dalili ya uzembe. Ninachokiona ni nyenzo iliyopewa kazi isiyo yake, ikapimwa katika mazingira yasiyo yale itakayofanyia kazi. Makosa haya mawili yamewapata watu wenye maabara kubwa kuliko yako na yangu, na yote mawili yanarekebishika bila kuutupa mradi.

Tuanze na kile kilichoandikwa kwenye kopo. "Usafi asilimia 99" karibu kila mara humaanisha kwamba asilimia 99 ya unga huo ni kaboni. Grafiti ya kawaida, ileile iliyomo ndani ya penseli, nayo inaweza kuwa kaboni kwa asilimia 99. Tofauti ya grafini na grafiti haimo katika usafi. Imo katika idadi ya tabaka. Grafini ni tabaka moja tu la atomi za kaboni zilizopangwa kama sega la asali, na kwa desturi ya viwango vya kimataifa jina hilo hunyooshwa hadi kufikia tabaka 10, ambapo huitwa grafini ya tabaka chache. Zaidi ya hapo, ulichonacho ni vibamba vyembamba vya grafiti. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa kutoka Singapore walichapisha matokeo ya kupima unga wa wazalishaji 60 wa nchi mbalimbali: katika bidhaa nyingi, sehemu iliyostahili kuitwa grafini ilikuwa chini ya asilimia 10, na hakuna bidhaa hata moja iliyovuka asilimia 50.

Kuna kipimo kimoja rahisi kitakachokupa jibu ndani ya siku moja. Eneo la uso la grafini ya tabaka moja, kwa hesabu, ni takriban mita za mraba 2,630 kwa kila gramu. Tabaka zikiwa mbili zimeshikamana, eneo hilo hugawanywa kwa mbili. Zikiwa mia moja, unabaki na mita za mraba 26 hivi. Peleka kiasi kidogo cha unga wako kwenye mashine ya kupima eneo la uso kwa gesi ya nitrojeni, ambayo idara nyingi za kemikali zinayo. Ukipata namba kama 30 au 50, basi "eneo la uso lisilo na mfano" ulilolisoma halimo katika kopo lako. Kumbuka pia kwamba masizi yanayotumika kwa kawaida kubebea platini yana takriban mita za mraba 250 kwa gramu, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ulibadilisha nyenzo yenye uso mkubwa kwa nyenzo yenye uso mdogo ukidhani unafanya kinyume chake. Kipimo cha Raman, kinachosoma jinsi unga unavyotawanya mwanga wa leza, nacho kitakusaidia kujua idadi ya tabaka na wingi wa dosari, lakini ningeanza na nitrojeni kwa kuwa huupima unga wote, si doa moja lililoangukiwa na mwanga.

Sifa nyingine mbili ulizozitaja ni za kweli, ila zina masharti yake. Grafini hupitisha umeme vizuri sana elektroni zinaposafiri ndani ya karatasi yake. Unga uliopakwa kwenye elektrodi una mamilioni ya vipande vidogo, na elektroni inalazimika kuruka kutoka kipande hadi kipande, mara nyingi ikikata tabaka badala ya kufuata uso wake. Hapo sifa ya kuishinda shaba huyeyuka. Uimara nao hupimwa kwa kuivuta karatasi moja isiyo na dosari, na kathodi yako haina kazi ya kuvuta chochote.

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo. Platini iko kwenye kathodi kwa sababu moja: kuivunja oksijeni. Upande wa anodi, hidrojeni huachana na elektroni zake kwa urahisi mkubwa mbele ya platini, na kiasi kidogo mno cha madini hayo kinatosha. Upande wa kathodi, molekuli ya oksijeni ina kifungo kigumu, na ili igeuke kuwa maji inahitaji kupokea elektroni nne na protoni nne kwa mpangilio unaofaa. Hata juu ya platini, hatua hii ni ya polepole kuliko ile ya hidrojeni kwa mamilioni ya mara. Ndiyo maana seli ambayo kwa nadharia ingetoa volti 1.23 hutoa volti 0.6 hadi 0.7 inapofanya kazi, na sehemu kubwa ya upungufu huo hupotelea kathodi. Nyenzo yoyote inayotaka kuchukua nafasi ya platini lazima iishike oksijeni kwa nguvu ya wastani: ikiishika kwa ulegevu haitaivunja, na ikiing'ang'ania haitaiachia maji yakiisha kutengenezwa.

Grafini safi haiishiki oksijeni hata kidogo. Atomi zake za kaboni zimeridhika. Kila moja imefungwa na wenzake watatu, na hakuna mahali pa oksijeni kutua. Hapo ndipo nitrojeni inapoingia. Atomi ya nitrojeni ina elektroni moja zaidi ya kaboni na huvuta chaji kuelekea kwake, kwa hiyo atomi za kaboni zilizo jirani nayo hubaki na upungufu kidogo, na oksijeni hupata pa kushika. Mwaka 2009 kundi la Liming Dai nchini Marekani lilionyesha jambo hili kwa mirija midogo ya kaboni yenye nitrojeni, na mwaka uliofuata likaonyesha hivyohivyo kwa grafini. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba nchini Japani waliitambua kaboni iliyo kando ya nitrojeni ya ukingoni, yaani ile yenye majirani wawili tu wa kaboni, kuwa ndiyo mahali penyewe pa kazi. Kwa hiyo wazo lako la kuongeza nitrojeni lilikuwa sahihi.

Lakini angalia: matokeo ya Dai yalikuwa katika myeyusho wa alkali, kama ya kwako. Katika alkali oksijeni haihitaji kusubiri protoni, kwa maana maji yenyewe hutoa hidrojeni inayohitajika, na hata kaboni tupu isiyo na nitrojeni hufanya kazi kiasi. Utando wa seli yako, kwa upande wake, ni asidi kali. Ni plastiki yenye vikundi vya salfoniki vinavyobeba protoni, na mazingira ya kathodi yake yanakaribia asidi ya salfuriki kuliko yanavyokaribia maji. Ndani ya asidi, ile nitrojeni ya ukingoni iliyokuwa ikikusaidia hunasa protoni, na ule mvuto wake kwa kaboni jirani hudhoofika. Chombo cha kioo kilikuambia ukweli kuhusu alkali, nawe ukauchukua kuwa ukweli kuhusu asidi. Kama kuna kosa moja la kukiri katika ripoti yako, ni hilo, na ni la heshima kabisa.

Kabla hujayaamini hata hayo matokeo ya alkali, nina swali: elektrodi saidizi kwenye chombo chako, ile inayokamilisha mzunguko wa umeme, ilikuwa ya nini? Kama ilikuwa waya wa platini, kama ilivyo katika maabara nyingi, basi upo uwezekano kwamba sehemu ya platini iliyeyuka wakati wa kuzungusha volteji, ikasafiri ndani ya myeyusho na kujipachika juu ya grafini yako. Kiasi chenyewe hakionekani kwa macho, lakini kinatosha kutoa mkondo mzuri, nawe ukaisifu nitrojeni kwa kazi ya platini. Rudia kipimo kwa fimbo ya grafiti. Vilevile pima unga uleule uliopashwa moto bila kemikali yenye nitrojeni, ukiwa mahali pa kulinganishia, kwa sababu chuma, manganizi na metali nyingine zilizobaki tangu kiwandani zinaweza kufanya kazi ambayo wewe utaihesabu kuwa ya nitrojeni. Mwaka 2020 watafiti wa Prague waliifanyia dhihaka tabia ya kutia kila kitu kwenye grafini na kutangaza kichocheo kipya: walitia kinyesi cha ndege, chenye nitrojeni, fosforasi na salfa tele, na kweli grafini ile ilifanya kazi vizuri kuliko isiyotiwa kitu. Ilikuwa mzaha, lakini vipimo vilikuwa halali, na ninaona kila mwanafunzi wa fani hii angefaa kuukumbuka anapoandika neno "bora".

Tuje sasa kwenye seli. Umesema volteji ilianguka mara tu ulipoanza kuvuta mkondo. Maelezo hayo yana thamani kuliko unavyodhani, kwa kuwa mahali volteji inapoangukia hueleza nini kimeshindwa. Ikianguka mwanzoni kabisa, kichocheo ni kivivu. Ikishuka taratibu kwa mstari ulionyooka, kuna ukinzani wa umeme au wa protoni. Ikidumu vizuri kisha ikaporomoka mkondo unapokuwa mkubwa, oksijeni haifiki au maji hayatoki. Kwako, shida ya kwanza ni uvivu wa kichocheo katika asidi, kama nilivyoeleza. Bila shaka uliongeza unene wa tabaka la kichocheo ili kufidia, jambo ambalo wengi hulifanya: tabaka la platini juu ya masizi huwa na unene wa takriban mikromita 10, ilhali vichocheo visivyo na platini mara nyingi hufikia 100. Vipande vya grafini vikikauka baada ya kupakwa hulala chali, kimoja juu ya kingine, kama magamba ya samaki. Oksijeni haiwezi kupenya katikati ya karatasi nzima; lazima izunguke kila kipande hadi ukingoni, kisha kinachofuata, mpaka ifike. Maji yanayotengenezwa nayo hunaswa humohumo.

Kufa kwa seli baada ya saa chache kuna mkosaji mwingine. Kichocheo dhaifu mara nyingi humpa oksijeni elektroni mbili badala ya nne, na kinachotoka ni peroksidi ya hidrojeni badala ya maji. Peroksidi hiyo hukila kichocheo chenyewe, na ikikutana na chuma hata kwa kiasi kidogo, hugeuka kuwa radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye ukali mkubwa wa kemikali, vinavyokata minyororo ya utando. Hivyo usiutumie tena utando ule kwa jaribio lingine. Kabla ya kuutupa, angalia volteji ya seli bila kuvuta mkondo wowote, kwa kutumia kathodi ya kawaida ya platini. Ikiwa haifiki hata volti 0.9, huenda kuna tundu linalopitisha hidrojeni kwenda upande wa hewa.

Nakuja kwenye jaribio lako la tatu, lile la kuchanganya na platini, ambalo wewe unaliona kama kushindwa na mimi naliona kama mlango. Umelinganisha seli mbili siku ya kwanza, ukakuta zinakaribiana. Lakini faida inayotarajiwa kwa grafini kama mbebaji wa platini haionekani siku ya kwanza. Masizi ni kaboni, na kaboni iliyo ndani ya maji yenye asidi inaweza kuungua polepole na kuwa gesi ya kaboni dioksidi hata kwa volteji ndogo ya 0.2 hivi, kinachotuokoa ni kwamba mwendo wake ni wa kobe. Seli inapozimwa na kuwashwa tena, hewa na hidrojeni hukutana upande wa anodi kwa muda mfupi, na volteji ya kathodi hupanda mahali fulani hadi kufikia volti 1.5. Hapo kobe hugeuka swala. Masizi huliwa, chembe za platini zenye ukubwa wa nanomita chache hupoteza pa kushika, nyingine hudondoka na nyingine huungana na kuwa kubwa zisizo na faida. Kuungua huku huanzia kwenye kingo na dosari, na uso mpana wa grafini una kingo chache kuliko masizi. Kwa hiyo grafini nzuri inaweza kudumu zaidi pale masizi yanapoliwa.

Hapa ndipo penye fumbo ambalo fani nzima inapambana nalo. Uso mkamilifu usiooza ndio huohuo usioshika platini: chembe huteleza juu yake kama matone ya maji juu ya jani la mgomba, hukutana na kuungana. Ukitia dosari au vikundi vya oksijeni ili chembe zipate pa kunasa, umefungua pia milango ya kuungulia. Nitrojeni kwa kiasi kidogo inasaidia, kwa kuwa hushika platini bila kuongeza kingo nyingi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi inayoifaa nitrojeni katika seli ya asidi kuliko kazi ya kuvunja oksijeni. Haki inanitaka niseme pia kwamba grafini ina mpinzani wa bei nafuu: masizi yaliyopashwa moto kupita nyuzi joto 2,000 za Selsiasi hupangika na kuwa kama grafiti, nayo huvumilia kuungua vizuri. Ukiilinganisha grafini na masizi ya kawaida tu, mtahini makini atakuuliza kwa nini hukuyaweka na haya mezani.

Ushauri wangu, basi, ni kuligeuza swali la mradi kutoka "je, grafini inaweza kuiondoa platini?" liwe "je, grafini inaifanya platini kidogo idumu?" Tengeneza elektrodi zenye kiasi kilekile cha platini, tuseme miligramu 0.1 kwa kila sentimita ya mraba, na uhakikishe ukubwa wa chembe zake unalingana, la sivyo utakuwa unalinganisha platini na platini. Changanya grafini na masizi ili masizi yakae katikati ya karatasi kama vijiti na kuzizuia zisilale pamoja. Jaribu viwango kadhaa, kwa sababu hakuna kimoja kinachofaa kila unga. Punguza au ongeza kimiminika cha plastiki ile inayopitisha protoni kwenye wino wako, yaani mchanganyiko unaoupaka kwenye elektrodi, maana kiasi kinachofaa masizi yenye vinyweleo mara nyingi huyaziba matabaka ya grafini. Kisha tumia jaribio la kuchosha ambalo Wizara ya Nishati ya Marekani imelipendekeza kwa wabebaji: volteji inazungushwa kati ya volti 1.0 na 1.5 kwa mwendo wa milivolti 500 kwa sekunde, mara 5,000. Kila duru ni sekunde mbili, kwa hiyo jaribio zima halizidi saa tatu. Pima eneo la platini linalofanya kazi kabla na baada. Hilo ndilo jedwali litakalobeba tasnifu yako, hata kama litaonyesha kwamba grafini haikushinda.

Njia nyingine mbili zipo, na sitaki kukuficha. Unaweza kubaki na alkali kwa kutumia utando unaopitisha ioni za hidroksidi, na hapo grafini yako yenye nitrojeni itakuwa nyumbani. Tatizo ni kwamba tando hizo bado ni dhaifu kuliko zile za asidi, na kaboni dioksidi iliyomo hewani huzigeuza ioni zake kuwa kaboneti na kupunguza nguvu. Au unaweza kutia chuma pamoja na nitrojeni, kwa kuwa atomi ya chuma iliyozungukwa na nitrojeni nne ndiyo mshindani wa kweli wa platini ndani ya asidi. Uwezo huo wa molekuli zenye metali na nitrojeni unajulikana tangu mwaka 1964. Ila chuma hicho kikimomonyoka, kinakutana na ile peroksidi niliyoieleza, na utando unalipa gharama. Kwa mtu mwenye miaka mitatu au minne na maabara iliyokamilika ningesema jaribu. Kwa shahada ya uzamili, nafikiri njia ya kudumu kwa platini ndiyo inayoweza kukamilika.

Kuhusu kujitengenezea oksidi ya grafini kwa asidi, jibu langu ni hapana, isipokuwa uwe chini ya usimamizi wa mtu aliyewahi kuifanya. Njia inayotumika sana ilichapishwa na Hummers na Offeman mwaka 1958, nayo huchanganya asidi ya salfuriki na potasiamu pamanganeti. Mchanganyiko huo huzaa oksidi ya manganizi ambayo ikipita nyuzi joto 55 hivi inaweza kulipuka, ndiyo maana chombo huwekwa ndani ya barafu na pamanganeti humwagwa kidogokidogo kwa subira. Haidrazini, inayotajwa katika maelekezo mengi kama kemikali ya kuiondoa oksijeni baadaye, ni sumu inayohusishwa na saratani. Zaidi ya hatari, fikiria faida: oksidi ya grafini yenyewe haipitishi umeme, ukiipunguza oksijeni inabaki na dosari nyingi, na manganizi hung'ang'ania ndani yake hata baada ya kuioshaosha. Utakuwa umebadilisha unga usioujua vizuri kwa unga mwingine usioujua vizuri, ukiwa umeongeza uwezekano wa kupoteza macho. Nunua oksidi iliyotayarishwa, pamoja na cheti chenye vipimo vya tabaka na metali zilizobaki.

Swali la utando limenifurahisha, maana jibu lake ni ndiyo na bado haliwezekani kwa sasa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, mahali ambapo Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga grafini mwaka 2004, waligundua kwamba protoni hupenya karatasi ya grafini isiyo na tundu, ilhali gesi ya hidrojeni haipiti. Kwa seli ya fueli hiyo ni ndoto: utando wa unene wa atomi moja usiovujisha fueli. Lakini tufanye hesabu. Upitishaji waliouona kwa joto la kawaida ulikuwa milisimensi chache kwa sentimita ya mraba. Tukichukua 5, ukinzani ni omu 200 kwa sentimita ya mraba. Ukivuta ampea moja kwa kila sentimita ya mraba, utahitaji kupoteza volti 200 katika seli inayotoa volti 0.65. Joto husaidia sana, lakini hata ukinzani ukipungua mara mia moja, hasara bado ni volti 2. Utando wa kawaida wenye unene wa mikromita 25 hupoteza takriban volti 0.025 kwa mkondo huohuo. Kutengeneza karatasi pana isiyo na hata tundu moja ni shida nyingine juu ya hiyo.

Kinachofanyika kwa sasa ni cha unyenyekevu zaidi: oksidi ya grafini huchanganywa ndani ya plastiki ya utando kwa kiasi kidogo, mara nyingi asilimia moja au chini yake, ili isaidie kuhifadhi maji na kuongeza ugumu, na katika seli za methanoli ipunguze uvujaji wa fueli kwenda upande wa pili. Hapa ule uimara ulioutaja unapata kazi. Angalizo ni moja: oksidi hiyo ikipoteza oksijeni yake kwa joto au kwa hidrojeni, huanza kupitisha elektroni, na utando unaopitisha elektroni ni seli iliyojifunga yenyewe kwa ndani. Kuna pia wanaoipaka grafini kwenye sahani za chuma cha pua ili zisishike kutu. Inafanya kazi mradi tabaka lisiwe na vitundu, kwa kuwa penye kitundu chuma hutoboka haraka kuliko kisipopakwa kitu.

Mambo machache hayafai kutatuliwa kwa maandishi. Hidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na mwali wake karibu hauonekani mchana. Kama volteji ya seli yako bila mkondo iko chini ya ile 0.9 niliyoitaja, au sehemu moja ya seli inapata joto kuliko nyingine, funga gesi, pitisha nitrojeni, na umwite fundi wa maabara apime uvujaji mkiwa pamoja. Usijaribu kukaza skrubu gesi ikiwa inapita. Unga mkavu wa grafini upimwe ndani ya kabati lenye kuvuta hewa, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi laini, kwa sababu vipande hivyo ni vyembamba vya kutosha kufika ndani kabisa ya mapafu. Na kabla ya kununua kopo jingine, tafuta mtu katika idara ya kemia au ya fizikia mwenye Raman na hadubini ya elektroni, ukae naye mezani mkiangalia unga ulionao. Mpelekee sampuli tatu: ulivyoununua, uliopashwa moto bila nitrojeni, na uliopashwa moto na nitrojeni.